UONGOZI WA ASIYEKUWA NA CHEO

 

Katika darasa yetu ya baina ya Magharibi na Isha aliinuka ndugu yetu mmoja akauliza suala ambalo tulidhani jawabu lake ni jepesi, kumbe limetuchukua siku nne za kulisoma na wiki nyingi za kulingoja lifanyike. Ndugu huyu ni karani katika bohari moja ya hapa kisiwani. Kazi yake ni kuandika mizigo inayoingia na inayotoka. Si mnyapara wala si msimamizi, wala hana mtu hata mmoja aliye chini ya amri yake. Wenzake pale wengi ni Waislamu, na wengi wamemzidi umri. Tajiri wa bohari si Muislamu, lakini tangu zamani amewapa watu wake ruhusa ya siku ya Ijumaa, waende msikitini kabla ya adhuhuri na warudi kazini baada ya sala. Sasa ruhusa ile imegeuzwa. Watu hutoka saa tano na nusu kwa jina la sala, wako wanaosali na wako wasioonekana msikitini kabisa, kisha wengine hurudi alasiri imekaribia na wengine hawarudi. Na jioni mwenzao huwatilia saini katika daftari ya kuwa walikuwako. Khabari zimemfika tajiri, naye ametamka ya kuwa mambo yakiendelea hivi ruhusa ataiondoa kwa wote, kwa mwema na kwa mbaya.

Ndugu yetu akauliza: “Mimi si mkubwa wa mtu pale. Je, ninyamaze mpaka Ijumaa itupotee sote? Au niseme, na nikisema nitasema kwa amri ya nani?”

Wengi wetu tulikimbilia kumjibu kwa Hadithi iliyo mashuhuri, ile inayomtaka aonaye uovu auondoe kwa mkono wake, na asipoweza kwa ulimi wake, na asipoweza kwa moyo wake. Tukamwambia: mkono huna, basi ulimi unao. Ndipo alipotwambia ya kuwa ulimi amekwisha kuutumia. Siku moja wakati wa chai alisimama mbele ya watu wote akatoa waadhi juu ya khiana na juu ya moto wa Jahanamu, akawataja wasiorudi, si kwa majina, lakini kila mtu aliwajua. Watu wakacheka. Tangu siku ile jina lake pale ni “Kadhi wa bohari”. Mtu mzima mmoja akamwambia kuwa yeye ameanza kazi juzi tu na hajui alikokuta wenziwe. Na Ijumaa iliyofuata, hata baadhi ya wale waliokuwa wakirudi kwa wakati walichelewa, kwa ukaidi tu.

Hapa tukanyamaza sisi tuliokuwa na majibu mepesi. Kwani ni desturi yetu, khasa sisi tunaojinasibu na kutengeneza mambo ya watu, kudhani ya kuwa aliyekwisha kusema amekwisha kutoka katika dhima. Wanavyuoni wetu hawakuliacha jambo hili hivyo hivyo. Wameweka masharti: mwenye kukataza awe anakijua anachokikataza, awe mpole katika kukataza kwake, na asilete kwa kukataza uovu ulio mkubwa kuliko ule aliotaka kuuondoa. Ndugu yetu sharti la kwanza alidhani analo (na tutaona mbele kuwa hakuwa nalo kamili), la pili lilimponyoka, na la tatu alilivunja bila ya kukusudia. Na Imamu wetu Shafi imepokewa kuwa alipambanua baina ya nasaha ya siri, ambayo nafsi huipokea, na nasaha ya hadharani, ambayo haiachi kuwa fedheha hata maneno yake yakiwa ni kweli tupu. Mwenyezi Mungu alipowatuma Musa na Harun kwa Firauni aliwaamrisha waseme naye kwa maneno laini. Wachukuzi wa bohari si Firauni, wala karani wetu si Nabii Musa.

Lakini tusije tukamkosoa huyu aliyesema tukawasahau wasiosema, nao ndio wengi zaidi. Ukitazama maofisini, bandarini, madukani, skuli na hospitali, utawaona ndugu zetu wanaoyajua makosa yote ya mahali pale kwa ukamilifu wake. Wanayahadithia barazani usiku, wanacheka kwayo na kahawa mkononi. Ukiwauliza mbona hawafanyi jambo, husema: “Mimi nani pale? Angalau ningekuwa mkubwa.” Tuna methali yetu kuwa asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ni methali ya kweli, lakini sisi tumeipindua, tukafahamu kuwa lisilotoka kwa mkuu halifai kusikiwa wala halipasi kusemwa. Huko siko dini ilikotufunza. Katika ile Hadithi inayomfanya kila mmoja wetu kuwa mchunga mwenye kuulizwa juu ya alichokichunga, Mtume (s.a.w.) hakumtaja mtawala peke yake. Amemtaja mume katika nyumba yake, na mke katika nyumba ya mumewe, na amemtaja hata mtumishi katika mali ya bwana wake. Karani wa bohari ni nani katika hao, kama si huyu wa mwisho? Naye aliyemwambia sahaba wake Abdurrahman bin Samura asiuombe uongozi, kwani apewaye kwa kuuomba huachiwa yeye na mzigo wake, ametufunza vilevile ya kuwa kazi ya kutengeneza haingojei cheo. Asemaye “nipeni ukubwa kwanza ndipo nitengeneze” huenda akapewa ukubwa, na matengenezo yasionekane.

Basi asiyekuwa na amri aongoze kwa nini? Tulifungua sira, na kisa tulichokaa nacho zaidi ni kisa cha Hudaibiya.

Katika Mfunguo Pili wa mwaka wa 6 wa Hijra, nao ni mwaka 628 kwa hesabu ya Kizungu, Mtume (s.a.w.) alitoka Madina pamoja na masahaba wapatao 1,400, wamevaa ihramu na kuswaga wanyama wa kuchinja, hawana nia ya vita ila ni Umra. Makureshi wakawazuia wasiingie Makka. Wakapiga kambi Hudaibiya, wajumbe wakaenda wakarudi, mpaka Suhail bin Amr akaja kwa niaba ya Makureshi ukaandikwa mkataba: vita visimame miaka kumi, Waislamu warudi mwaka huu bila ya kuiona Al-Kaaba, na atakayewakimbilia Waislamu kutoka Makka bila ya idhini ya walii wake arudishwe. Wino haujakauka, akafika Abu Jandal, mtoto wa Suhail mwenyewe, anaburura minyororo miguuni, amesilimu na kuteswa, akaomba kwa Waislamu wamchukue. Akarudishwa. Ndugu msomaji, jitie katika nafsi za watu wale. Wametoka kwao na tamaa ya kuiona Nyumba waliyofukuzwa, wamefika mlangoni, na sasa wanaambiwa warudi, na ndugu yao analia mbele yao. Sayyidna Umar mwenyewe alikwenda kwa Mtume akamuuliza maswali ya uchungu, na baadaye katika umri wake alikuwa akifanya mema mengi kwa ajili ya maneno aliyoyasema siku ile.

Mkataba ulipokwisha kuandikwa, Mtume (s.a.w.) aliwaamrisha masahaba wachinje wanyama wao na wanyoe vichwa. Hakuinuka mtu. Akaamrisha mara ya pili, kisha ya tatu, na hakuinuka hata mmoja. Huyu ni Mtume wa Mwenyezi Mungu, na hawa ni watu waliokwisha kumpa mkono wa ahadi chini ya mti ya kuwa hawatakimbia. Wala hapakuwa siku ile duniani mwenye amri juu ya watu wake kama aliyokuwa nayo yeye. Na juu ya hivyo huzuni iliwatia uzito, amri ikapita juu ya vichwa vyao.

Mtume akaingia hemani kwa mkewe Ummu Salama, akamweleza aliyoyaona kwa watu. Na Ummu Salama ni nani katika kambi ile? Hana kikosi, hana bendera, hakuketi katika mashauri ya mkataba. Lakini ni mwanamke aliyehajiri Uhabeshi, na alipotaka kuhajiri Madina jamaa zake wakamzuia, wakatenganishwa yeye na mumewe na mtoto wake muda unaokaribia mwaka; kisha mumewe Abu Salama akafa kwa jeraha alilolipata Uhud. Aliijua huzuni inavyowafanya watu. Akamuuliza Mtume kwanza kama kweli anapenda jambo lile lifanyike. Kisha akampa rai: atoke nje, asimsemeze mtu neno lolote, achinje mnyama wake mwenyewe, amwite kinyozi wake amnyoe. Mtume akafanya hivyo. Masahaba walipomwona wakainuka wote wakachinja, wakawa wananyoana wenyewe kwa wenyewe, na kwa ghamu waliyokuwa nayo ikawa wanakaribia kuumizana. Kisa hiki kimo katika Sahihi ya Bukhari.

Tazama alivyoliendea. Mama huyu hakutoka nje kuwalaumu watu. Lau angetoka angekuwa na hoja, maana walikuwa wamechelewesha amri ya Mtume. Lakini hoja haikuwa ndiyo haja. Alitazama ni nani anayeweza kulitenda jambo, akampa rai faraghani, akaanza kwa suala, na rai yenyewe haikuwa maneno ya kuongeza juu ya maneno. Maneno yalikwisha kusemwa mara tatu. Rai yake ilikuwa ni tendo moja litakaloonekana na kila jicho. Na alifahamu ya kuwa wale hawakuwa waasi. Walikuwa wazito wa moyo, na mtu mzito wa moyo ukimpigia kelele huzidi kukaa. (Tungependa waume wanaosema kuwa rai ya mwanamke haifuatwi wakisome kisa hiki mara mbili. Na dada zetu walio wauguzi, walimu na makarani, wanaodhani kuwa hawana la kufanya mahali pao pa kazi, nao wakisome.)

Tulisoma na visa vingine, navyo tutavipitia kwa haraka. Wapo wanaohadithia kuwa huko Badr, mwaka wa 2, Al-Hubab bin al-Mundhir aliona mahali jeshi lilipopiga kambi si pazuri. Wapokezi wa sira wamesimulia kuwa alimwendea Mtume akauliza kwanza: je, hapa ni mahali ulipoamrishwa na Mwenyezi Mungu, au ni rai na hila ya vita? Alipojua kuwa ni rai ndipo akatoa rai yake, wasogee mpaka kwenye kisima kilicho karibu na adui. Mafundi wa Hadithi wana maneno juu ya sanadi ya kisa hiki, kwa hivyo hatukitii katika mizani ya hukumu. Twakichukua kwa adabu yake tu, kuwa mtu huuliza kabla ya kupinga, pengine kuna sababu asiyoijua.

Yumo yule muumini wa jamaa za Firauni, katika Suratul Ghafir, aliyekuwa akificha imani yake. Walipokusudia kumuua Nabii Musa alisimama akawatetea haki kwa hoja ambayo hata asiyeamini angeielewa: akiwa ni mwongo, uwongo wake utamdhuru yeye mwenyewe, na akiwa ni mkweli, nyinyi yatawapata baadhi ya hayo anayowaonya. Na kila mara huwaita “watu wangu”. Hakujiweka ng'ambo ya pili ya mto akawapigia ukelele.

Na yumo Hud-hud katika Suratun Naml, ndege mdogo aliyekosekana katika safu ya Nabii Sulaiman, akarudi na adhabu inamngoja. Alisema mbele ya mfalme yule kwamba amelijua asilolijua yeye, na kwamba ameleta khabari ya yakini. Wala Nabii Sulaiman hakumwamini hivi hivi, alisema atatazama kama ni mkweli, akampa barua apeleke, na Hud-hud akaichukua. Hapa ndipo ndugu yetu karani alipoinua mkono akasema: “Mimi yakini sikuwa nayo.” Tukamuuliza vipi. Akasema: “Najua kuwa hawarudi. Sijui kwa nini hawarudi. Sikumuuliza mtu.”

Neno hili ndilo lililogeuza darasa yetu. Tangu hapo tukaacha kumpa majibu, tukampa kazi. Tulimwambia kwa Ijumaa tatu asiseme neno lolote juu ya jambo hili. Aende asali, arudi kabla ya wakati, aketi kwenye daftari yake. Khutba ikirefuka amweleze msimamizi, na jioni abaki ailipe ile nusu saa. Asimtilie mtu saini, na akiombwa akatae kwa upole bila ya waadhi. Na amtafute yule katika wenziwe ambaye watu humsikiliza, amwendee nyumbani kwake, si kazini, amuulize tu.

Mtu huyo yuko katika kila mahali pa kazi, wala jina lake halimo katika orodha ya wakubwa. Ukitaka kumjua, tazama likitokea jambo macho ya watu humwelekea nani kabla ya kumwelekea mnyapara. Katika bohari ile ni mchukuzi mmoja mzee, kazi yake ni ile ile ya kubeba kama wengine, na ndiye aliyemwambia ndugu yetu kuwa ameanza kazi juzi.

Hapa mmoja katika sisi alipinga. Alisema huko ni kukubali uovu kwa wiki tatu, na lau tajiri ataondoa ruhusa katika wiki hizo tatu dhambi itakuwa ya nani? Ni kauli yenye uzito, na hatukumnyamazisha. Lakini tulimkumbusha kuwa ulimi umekwisha kutumiwa mara moja na hali ikawa mbaya zaidi, na kuutumia tena vilevile ni kuishibisha nafsi ya msemaji.

Ijumaa ya kwanza hapakutokea kitu isipokuwa mzaha. Ya pili walirudi pamoja naye vijana wawili, kwa kuwa walitoka msikiti mmoja wakafuatana njiani, basi. Usiku wa Jumapili alikwenda kwa yule mzee na kilo ya sukari mkononi, akamwamkia, akaketi, na baada ya kahawa akasema: “Ami, nimekuja kutaka rai yako. Ruhusa hii ikiondolewa tutasali wapi Ijumaa? Nami siku ile nilisema vibaya, unisamehe.” Ndugu yetu anasema yule mzee alinyamaza kitambo kirefu, kisha akacheka akamwambia, “Mwanangu, unajua watu wale wanakula wapi?”

Kumbe mambo ni haya. Wengi katika wachukuzi wanakaa Likoni. Siku nyingine huleta chakula chao asubuhi, lakini Ijumaa ni siku ambayo kila mtu hupenda kula kwake, na kwake kumepikwa. Akitoka msikitini huvuka kivuko, akala, akarudi kungojea feri pamoja na umati wa watu, na hapo saa tisa imekwisha kupita. Akiona amechelewa namna ile huona haya kuingia, basi hulala. Na ile saini ilianza kwa huruma. Mwenzao mmoja alikuwa na mke mgonjwa, wakamwambia nenda ukamtazame, sisi tutakutilia. Mke amekwisha kupona siku nyingi, mkono ukaizoea kalamu.

Hatusemi kuwa sababu hizi zinahalalisha uwongo. Saini ya uwongo ni uwongo, na ujira wa saa ambazo mtu hakuzifanyia kazi si mali yake. Lakini tazama tofauti ya maradhi na dawa. Ndugu yetu alikuwa akiwatibu watu kwa khofu ya moto, na wao njaa ndiyo iliyowachukua. Mtu akiambiwa ni mnafiki na yeye anajua kuwa alikwenda kula tu, humwona msemaji kuwa ndiye mwongo. Mwenye cheo angeweza kuandika amri bila ya kujua haya, na amri ingefuatwa kwa khofu muda kidogo. Asiyekuwa na cheo hana njia nyingine ila kujua. Na huenda hapo amemzidi mkubwa, kwani mkubwa hakuna atakayemweleza khabari za feri.

Aliyelitengeneza jambo ni yule mzee. Yeye alipitisha chango, kila mtu kidogo, akapatana na mama mmoja anayepika karibu na pale, na Ijumaa wakitoka msikitini chakula kinakuwa tayari. Hutandika mkeka nyuma ya bohari, wakala pamoja, wakaingia kazini. Mara ya kwanza walikuwa watu sita. Sasa ni kumi na mmoja, na mnyapara naye hula pale ingawa si Muislamu. Msimamizi alipoona watu wamekwisha kurudi alimwita yule mzee akamshukuru mbele ya wote, na ruhusa ya Ijumaa mpaka leo iko.

Ndugu yetu alituhadithia haya darasani, na alipofika penye shukrani sauti yake ilibadilika. Alisema, na sisi twamheshimu kwa kulisema, ya kuwa siku ile moyo wake ulimuuma. Alitamani mtu aseme kuwa ni yeye. Alitamani hata yule mzee aseme. Mzee hakusema, na huenda hata hakumbuki, huenda anaona kuwa ni lake tangu mwanzo, kwani chango ni lake na mkeka ni wake. Tulimuuliza kama angelipendelea jina lake litajwe na watu warudi sita badala ya kumi na mmoja. Hakujibu upesi. Kila aliyekuwamo darasani alijitazama nafsini, maana hakuna katika sisi ambaye hakupata kulivunja jambo zuri kwa kutaka lijulikane kuwa ni lake.

Sasa limebaki jambo moja, nalo ndilo alilokuja nalo mara ya mwisho. Watu wawili hawarudi bado, na yupo anayewatilia saini. Msimamizi ameanza kumwamini ndugu yetu kwa kuwa daftari yake haina walakini, na anaogopa siku moja ataulizwa: fulani alikuwako? Yeye si msimamizi wao. Awafichue? Au awafiche?

Tulimjibu hivi. Kupeleka maneno bila ya kuulizwa, kwa jambo ambalo bado laweza kutengenezwa kwa nasaha, hatulioni kuwa ni lake sasa. Lakini akiulizwa asiseme uwongo, kwani daftari ni amana, na aliyeajiriwa kuandika ameajiriwa kuandika kweli. Na kwa kuwa jambo hili analijua kabla ya kuulizwa, haki ya wale wawili juu yake ni kwamba awaendee sasa, mmoja mmoja, awaambie: sitakushitaki, lakini nikiulizwa sitakuficha. Ni vigumu zaidi kuliko kushitaki na ni vigumu zaidi kuliko kunyamaza, na tulimwambia hivyo.

Alikwenda. Mmoja alimsikiliza, akatoa udhuru wa mambo ya nyumbani kwake ambayo hayatuhusu, na Ijumaa iliyopita alikula pamoja nao mkekani. Wa pili alikasirika. Hajaja, na ndugu yetu akimsalimu asubuhi mlangoni mwa bohari, haitikii. Anaendelea kumsalimu.